Nyimbo mia za Willie Nelson: namna ya kuzisikiza usipotee njiani

Haya yote kayaanzisha kijana wa tuktuk anayenipeleka Marikiti hapa Mombasa kila Jumamosi. Aliniona nimepakata kasha la sidii, akalitazama kupitia kile kioo chake, akauliza: "Mamangu, huyo mzee mwenye misuko miwili ni mganga ama ni mwimbaji?" Nikamwambia ni Willie Nelson, mtunzi na mwimbaji wa kantri wa Marekani. "Ah, yule wa barabara!" Kumbe ana wimbo wake mmoja kwenye simu. Tulipofika akakataa nauli. Akataka badala yake nimtilie nyimbo zote za yule mzee kwenye flashi.

Zote si mchezo. Kasha lenyewe linaitwa One Hell of a Ride, lilitoka 2008, na ndani mna nyimbo 100 katika sidii nne, kuanzia rekodi ya 1954. Ukizimwaga hivyo hivyo kwenye flashi, dereva atasikiza nne kabla ya kufika Makupa, ya tano itamchosha, na atarudi kwenye redio. Wala si kosa lake. Kazi ya maisha mazima ya mtu haisikizwi kama nyimbo za arusini, moja ikiisha unangoja nyingine huku unatafuna.

Mimi nilirekodi kanda Mwembe Tayari kwa miaka kumi na sita, kibanda cha mbao, deki mbili na feni moja iliyokuwa inapigia deki upepo kuliko mimi. Wateja walikuja na orodha kwenye karatasi za daftari: Jim Reeves upande wa kwanza, Skeeter Davis upande wa pili, na ikibaki nafasi, mama, nitilie Dolly. Halafu nimeolewa na baharia. Meli zake zilikuwa zikitia nanga Houston, na mahali pa kuniletea manukato, mzee wangu akirudi na kanda za kantri. Mara ya kwanza nilinuna siku tatu. Mara ya pili nilikuwa nimeshazihifadhi zile za mara ya kwanza.

Basi nitaeleza ninavyofanya. Nimetumia kasha la Willie kwa sababu ndilo nililo nalo, lakini njia ni ileile kwa msanii yeyote mkongwe anayetunga na kuimba.

Kwanza, usibonyeze kitu. Toa kile kijitabu kilichomo ndani ya kasha, vaa miwani, chukua penseli. Watu wakinunua sidii hukimbilia mtambo, kijitabu wanawapa watoto wachore. Mimi nakaa nacho kibarazani siku nzima. Natafuta mambo matatu kwa kila wimbo: ulirekodiwa mwaka gani, kampuni gani iliutoa, na nani aliutunga. Mtunzi mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kama mchwa, kwenye mabano chini ya jina la wimbo.

Mwaka uangalie kwa makini. Penye herufi P ndani ya duara ndipo panapoandikwa mwaka wa haki ya sauti yenyewe. C ndani ya duara ni ya picha na maandishi ya jalada. Lakini hata ile P kwenye mkusanyiko inaweza kuwa ya mwaka lilipotoka kasha, kwa hiyo tafuta maneno yanayosema wimbo ulitoka mara ya kwanza lini. Kwenye simu ndiyo balaa zaidi. Programu za muziki zinakuonyesha mwaka wa albamu, na albamu ikiwa ni mkusanyiko wa 2008, basi wimbo ulioimbwa 1961 utaandikiwa 2008. Kijana wangu wa tuktuk alikuwa anaamini Willie ameanza kuimba akiwa mzee.

Kampuni nayo ni saa ya ukutani. Ukiona Liberty, uko mwanzoni mwa miaka ya sitini, Willie ana nywele fupi na suti. RCA, uko kati ya 1965 na mwanzo wa miaka ya sabini. Atlantic ni kipindi kifupi tu, albamu ya 1973 na ya 1974. Columbia inaanza 1975, na hapo ndipo wengi wetu tulipomkuta. Ukishajua hivyo, hata kijitabu kikiliwa na mende utajikuta uko wapi.

Sasa hili la mtunzi ndilo lililonifanya niandike. Chukua penseli yako, kila wimbo alioutunga mwenyewe utie K, yaani kalamu. Kila wimbo uliotungwa na mwingine yeye akauimba, utie S, sauti. Maliza sidii zote nne kabla hujasikiza hata moja. Kisha tazama zile herufi zilivyojipanga.

Sisi watu wa Mvita jambo hili halitupi shida, kwa sababu tumelelewa nalo. Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, akiimba, mtaa mzima ulikuwa ukisema "nyimbo za Bhalo", na mashairi mengi aliyoyaimba yalitoka kwa binamu yake Ahmad Nassir. Huyu ana koo, yule ana kalamu, na wazee walijua kumpa kila mmoja chake. Willie Nelson ni mtu mmoja mwenye vyote viwili, lakini vitu hivyo viwili havikufanikiwa pamoja. Kalamu yake ilitajirisha wengine kwanza. Koo lake lilipokuja kujulikana, lilijulikana kwa wimbo wa mtu mwingine. Ukilijua hilo, kasha zima linafunguka, na usipolijua utaona ni rundo la nyimbo nzuri na nyingine za hivi hivi.

Anza na zile K za mwanzo. Kabla hajafika Nashville alikuwa kijana wa Texas, kazaliwa Abbott 1933, ana mke na watoto na hana pesa. Alitunga wimbo unaoitwa Night Life akauuza kwa dola 150. Mwingine, Family Bible, aliuachia kwa dola 50, na 1960 Claude Gray akaupandisha chati. Mimi niliyewahi kuuza deki yangu moja nilipe karo, naielewa biashara hiyo. Halafu 1961 mambo yakaja kwa kishindo: Faron Young akaimba Hello Walls, Patsy Cline akaimba Crazy, Billy Walker akaimba Funny How Time Slips Away. Zote tatu za kalamu moja, mwaka mmoja, na hakuna hata moja iliyomfanya yeye ajulikane kwa koo lake. Hello Walls alitaka hata kuiuza kwa Faron Young kwa dola 500. Faron akamkatalia, akamkopesha hizo 500, akamwambia asiuze wimbo. Bwana yule namuombea kila nikiusikia.

Hapa fanya zoezi, na usiliruke. Tafuta Crazy ya Patsy Cline kwenye simu, uisikize mara moja. Kisha sikiza Crazy aliyoiimba Willie mwenyewe kwenye albamu yake ya kwanza, ya 1962. Safari hii gonga meza kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, usiache. Utaona Willie haingii pale kidole kinapogonga. Anachelewa. Anakuwa kama abiria wa Likoni anayeona lango la feri linafungwa naye bado ananunua karanga, halafu ghafla karuka yumo ndani, kakaa, wala hahemi. Neno lililochelewa analifupisha, linalofuata analivuta, na mwisho wa ubeti mmefika pamoja. Patsy Cline mwanzoni alipopewa sampuli aliyoimba Willie, yaani rekodi ya kumsikizisha mwimbaji wimbo ulivyo, ilimtesa kwa sababu hiyo hiyo, akijaribu kumfuata alivyokuwa akichelewesha maneno. Alipoacha kumfuata, akauimba kwa njia yake, ndipo ukawa ule tunaoujua. Na aliuimba mbavu bado zinamuuma kwa ajali ya gari ya mwaka huohuo.

Rudia zoezi la kidole kwa nyimbo tano. Usiporidhika na mimi, rudia kwa kumi. Mtu akishaisikia ile tabia ya kuchelewa hawezi tena kuiacha, ataitafuta kwenye kila wimbo, na ndiyo kamba itakayokushika kutoka 1962 hadi sidii ya nne. Sauti itazeeka, vyombo vitabadilika, misuko itaota, lakini kule kuchelewa ni kulekule.

Kwa msikizaji asiyejua Kiingereza vizuri, mweleze maana kabla wimbo haujaanza, kwa maneno machache. Hello Walls nilimweleza kijana hivi: jamaa kaachwa na mke, yuko peke yake chumbani, anasalimiana na kuta, anazungumza na dirisha, mwisho anaitazama dari. Akacheka, akaniambia ana rafiki Majengo yuko hivyo hivyo tangu Ramadhani. Basi kaelewa.

Miaka ya RCA ipitie kwa mwendo wa matatu usiku. Si kwamba tungo ni mbaya. Ni kwamba Nashville ya wakati ule ilikuwa na mtindo wake, fidla nyingi na waitikiaji wenye sauti za peremende, na kila mwimbaji alivikwa vazi hilo hilo, limkae lisimkae. Willie lilimning'inia. Chagua tatu zenye K, sikiza maneno, songa mbele. Mzee wangu anapinga, anasema zile fidla ni tamu. Mzee wangu anatia sukari kwenye mbaazi.

Kitu kimoja tu cha miaka hiyo usikipite: gitaa. Mwaka 1969 la zamani liliharibika, akanunua jingine, Martin la nyuzi za nailoni, akalipa jina Trigger, jina la farasi wa sinema za Roy Rogers. Gitaa la aina hiyo hupigwa kwa vidole, halina kibao cha kukinga ubao. Yeye akalipiga kwa kipande cha plastiki miaka na miaka mpaka ubao ukatoboka tundu kubwa chini ya nyuzi, na bado analipiga. Katika mkusanyiko, sikiza sauti yake inapoingia. Ni kavu, ina mkwaruzo, kwa sikio la mtu wa taarab inakaribia udi kuliko gitaa la kantri. Ikishaingia, hata ukiwa jikoni unakaanga viazi karai utajua huyu ni nani kabla hajafungua mdomo.

Sasa tumefika 1975, na hapa nataka utulie. Nyumba yake karibu na Nashville ilikuwa imeungua, akarudi Texas, akaacha nywele zirefuke. Columbia walimpa mkataba unaomruhusu kurekodi atakavyo. Akaingia studio ndogo huko Garland, Texas, akatoka na Red Headed Stranger, hadithi nzima ya mhubiri na kosa lake la damu, imeimbwa kwa gitaa, kinanda cha dada yake Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael, ngoma za taratibu, na kimya kingi. Wakubwa wa kampuni walipoisikia walidhani ni sampuli tu, bado haijamalizwa. Aliwaambia imeisha. Ndani ya albamu hiyo mna Blue Eyes Crying in the Rain, ndio wimbo uliompa namba moja ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 42.

Tazama sasa penseli yako imeandika nini pembeni ya wimbo huo. S. Ulitungwa na Fred Rose, miaka ya arubaini. Mtu aliyewatungia wengine, akauza nyimbo kwa bei ya kanzu, anakuja kushinda kwa wimbo usio wake. Mimi nilipoligundua hilo nilimwita mzee kutoka uani. Alikuwa amesikiza wimbo ule tangu akiwa melini na hakujua.

Usikize usiku, stima ikipotea ndiyo bora, kwa redio ya betri. Una dakika mbili na kidogo tu. Hesabu vyombo kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha urudie wimbo wowote wa RCA, mara moja. Usiseme kitu. Utasikia mwenyewe kilichoondolewa.

Kuanzia hapo S zinaongezeka, na ndiyo raha ya sidii ya pili na ya tatu, kwa sababu sasa sikio lako linauliza swali jipya: kwa nini kauchagua wimbo huu wa mwenzake, na kaufanya nini? Mwaka 1978 akatoa Stardust, nyimbo za kale za Marekani, za kabla ya kantri anayoijua mzee wangu, Booker T. Jones akiwa mtayarishaji. Kampuni haikuipenda fikra hiyo. Albamu ikakaa kwenye chati za kantri karibu miaka kumi. Always on My Mind ilishaimbwa na Elvis Presley 1972, kwa machozi na fidla. Willie kaichukua 1982 na kuisema kama mtu anayeomba radhi mlangoni, viatu mkononi. Pancho and Lefty ni ya Townes Van Zandt, kaimba na Merle Haggard 1983. City of New Orleans ni ya Steve Goodman, safari ya treni kutoka Chicago kwenda kusini, na hiyo nakuomba uisikize ukiwa na mtu aliyewahi kupanda gari la moshi la zamani usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, lile la kupigiwa kengele ya chakula. Nilimwekea dada yangu, akaanza kuhesabu stesheni: Mazeras, Mariakani, Samburu, Maungu, Voi. Wimbo uliisha kabla hajafika Mtito.

Na K bado zipo, usizidharau. On the Road Again, ule wa kijana wa tuktuk, ni wake, wa 1980. Aliuandika ndegeni kwenye mfuko wa kutapikia, kwa ajili ya filamu aliyokuwa akicheza. Hapo kalamu na koo vimekutana na wimbo ukashinda, na ndiyo maana mtu asiyejua kitu kuhusu kantri anaujua. Angel Flying Too Close to the Ground ni wake pia. Huo usiueleze kwa mtu kabla ya kuusikia.

Kama unataka kumsikia akiwa na kalamu na koo tu bila kingine, toka nje ya kasha, tafuta The IRS Tapes. Mwaka 1990 hiyo IRS, idara ya kodi ya serikali ya Marekani, ilimdai kodi ya dola milioni 16.7, wakachukua mali yake. Akatoa albamu, yeye na Trigger peke yao, nyimbo zake za zamani, pesa ziende kwenye deni. Sauti iko karibu na sikio mpaka unasikia ukucha. Kwa mtu anayejifunza kutunga, mimi humwanzishia hapo, na kasha lisubiri.

Nitakueleza nilivyoibiwa, ili wewe usiibiwe. Kabla mwanangu hajaniletea kasha hili, nilinunua sidii ya Willie katika duka moja hapa mjini, imeandikwa nyimbo bora kabisa, jalada linang'aa, mzee kavaa kitambaa kichwani na misuko yake. Nyumbani nikaitia, nikasikia kijana wa miaka thelathini anaimba na gitaa kama yuko kwenye tangi la maji. Zilikuwa sampuli za mwanzoni mwa miaka ya sitini, alizorekodi ili waimbaji wengine wazisikie na kuzinunua. Sampuli hizo zimetolewa na kutolewa tena kwa majina chungu nzima. Si haramu kuzisikiza, na leo nazipenda, lakini si kile nilicholipia.

Alama za kukuonya ni hizi. Picha ina misuko ilhali nyimbo zote ni zile za 1961 na nyuma yake. Hakuna mwaka popote. Hakuna majina ya watunzi. Kwenye simu, angalia muda wa wimbo na ulinganishe na ule ulio kwenye albamu wimbo ulimotokea mara ya kwanza. Ukizidi au kupungua kwa nusu dakika, hiyo ni rekodi nyingine. Wakongwe wengi hurekodi upya nyimbo zao uzeeni, mara nyingi kwa sababu rekodi ya kwanza ni mali ya kampuni. Ukiipata hiyo bila kujua utadhani kumbukumbu yako ndiyo imekosea. Masikio ya mteja wangu mmoja wa Tononoka yalikuwa hayadanganyiki: alirudisha kanda akasema, "Huyu ni Jim Reeves lakini si siku ile."

Sasa flashi. Mimi sijaacha kipimo cha kanda ya dakika 90, arubaini na tano kila upande. Nyimbo za kantri za zamani ni za dakika tatu kasorobo, kwa hiyo zinaingia kama thelathini. Nyimbo 30 kutoka 100 zinakulazimisha kuchagua, na kuchagua ndiko kusikiza. Upande wa kwanza panga kwa miaka, kuanzia 1954 hadi 1975, uishie na Blue Eyes. Hapo mnyamaze, kanda igeuzwe. Upande wa pili usifuate miaka. Panga S na K zikijibizana: wimbo aliouchukua, kisha wimbo wake unaozungumza jambo hilohilo. Kama umezoea mashairi ya majibizano utaifanya kazi hii ukilala.

Nyimbo za kuimba wawili wawili ni mtego. Kaimba na Waylon Jennings, na Ray Charles, na Merle Haggard, na wengine wengi mno. Kasha la mkongwe hujaa wageni. Weka tatu. Mgeni wa nne anakula chakula cha wenye nyumba.

Kunakili: sidii iliyokaa Mombasa miaka mingi ina unyevu na chumvi, ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe. Badili nyimbo ziwe MP3. Wimbo wa dakika tatu kwa ubora wa kawaida ni kama megabaiti tatu, thelathini hazijazi hata kona ya flashi. Flashi iwe imeumbizwa kwa FAT32, jina la mpangilio wa kuhifadhi mafaili utakaouchagua kwenye kompyuta, kwani redio nyingi za tuktuk hazisomi nyingine. Yape mafaili namba mbele, 01, 02, 03, lakini usiamini namba peke yake: redio nyingi nilizojaribu zinapiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa majina. Kwa hiyo futa flashi yote, kisha nakili wimbo mmoja mmoja, wa kwanza kwanza. Inachukua muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa chungu. Halafu mwambie dereva kibonyezo kilichoandikwa RDM, cha kuchanganya nyimbo ovyo, asikiguse. Kijana alikigusa siku ya kwanza, akaniambia hadithi haieleweki, mhubiri anaua kabla hajaoa.

Kimebaki kisa cha mzee. Alipoona orodha yangu ya 30 alisoma mara mbili, akaniuliza wimbo na Julio Iglesias uko wapi, ule wa 1984, wa kuwashukuru wanawake wote waliopita maishani mwao. Nikamwambia si kalamu ya Willie, wageni watatu wameshaenea, na baharia hana haja ya kuwashukuru hadharani. Akanuna. Siku ya tatu nilipokuwa namalizia kunakili, nikautia mwisho, baada ya wa 30, bila namba. Kijana anasema abiria wa Nyali huuomba urudiwe.